Masale Tisa

Mwanda, 14 Novemba 2024

Kaka Mwandawiro,

Kwawuka mana? Huku tumeamka na ukungu mlangoni. Mvua ilianza tarehe mbili na haijatupumzisha. Kifua changu kimetulia. Mbuzi mwekundu alizaa mapacha, mmoja akafa. Masikio yako je? Fanuel, anayetubebea barua kwa gari lake, anasema alikupigia honi ukiwa umempa mgongo hapo kwenye kitalu chako, na hukugeuka hata kidogo. Ningepiga simu, lakini simu yako inashikwa na Branice, na haya si maneno ya kupigiwa kelele na mkaza mwana wako.

Bogenvilia ya rangi ya chungwa uliyonitumia mwezi wa sita imeshika. Nimeiweka mwisho wa safu, ya ishirini na moja. Jumamosi bwana na bibi harusi kutoka Wundanyi walikuja kupigwa picha mbele ya maua. Siku hizi hapa hapaitwi tena kwa mzee Mwakio. Panaitwa kwa Elsie wa maua.

Sasa neno lililonikalisha kuandika. Kati ya maua ya kana, hatua sita kabla ya kufika kwenye bogenvilia, sale limechipuka. Baba alipanda masale mpakani kwa sababu hayafi, na kweli hayafi. Ni miaka kumi na moja tangu tuyang'oe. Nilipoliona mwezi wa kumi nililikata. Likarudi. Nikalikata tena na kulimwagia maji ya moto. Jana asubuhi lilikuwa na majani matatu.

Jana hiyo hiyo wifi Kavetsa alivuka kutoka shambani kwake na ndoo ya mbolea ya mbuzi, kama afanyavyo kila msimu wa mvua. Nilipomwona nikavua leso yangu na kuitandaza juu ya lile sale.

"Wifi, leo unaanika nguo mvuani?"

Nikasema nimechanganyikiwa. Akacheka. "Haya maua yamekula akili yako." Akamwaga mbolea kwenye mashina, akaenda zake.

Rita, binti yake, amerudi. Ndoa ya Mombasa imekwisha, na ana mtoto mgongoni. Anataka kujenga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mama yake. Walipima kwa kamba, vikakataa kuingia. Wanakosa hatua sita. Halafu mwezi wa tatu mpima ardhi anakuja kuweka mawe ya mpaka ili hati zitoke. Chifu alitangaza kwamba mpaka utakaoandikwa ni ule majirani wawili watakaoukubali. Kavetsa ataukubali huu wa maua, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia kwamba ndio mpaka.

Nifanye nini? Nijibu kwa mkono wako mwenyewe.

Dada yako,
Elsie


Voi, 20 Desemba 2024

Dada Elsie,

Pole kwa mtoto wa mbuzi. Huku ni joto tu. Maji ya bomba yanakuja Jumanne na Ijumaa, yakitaka. Wiki iliyopita ndovu watatu walipita nyuma ya kitalu na kukanyaga miche arobaini ya mwarobaini. Bogenvilia hawakuzigusa kwa sababu ya miiba. Ndovu ana akili kuliko wateja wangu, ambao hushika kwanza kisha hulia. Branice anakusalimu. Amenunua kuku wawili wa Krismasi na tayari amewapa majina, kwa hiyo tutakula maharagwe.

Barua yako niliipata tarehe 22 Novemba. Nimechelewa kwa sababu gari la Fanuel lilikufa gia, na kwa sababu nyingine.

Kuhusu lile sale: usilikate. Ukilikata unaliongezea nguvu. Chimba mpaka ufike kwenye mzizi mnene, utoe wote, kisha weka chumvi. Nimempa Fanuel miche mitano ya kana nyekundu ufunike shimo.

Hayo mengine ni ya zamani. Baba hayupo, Sylus hayupo. Kavetsa hajakuuliza kitu. Mguu wangu haupandi mlima tena, nadhani unajua.

Sikukuu njema.

Mwandawiro


Mwanda, 9 Januari 2025

Kaka,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Branice na kwa hao kuku. Kwaya ilikuja kuimba hapa tarehe mosi, wakasimama mbele ya bogenvilia kama kawaida. Kavetsa aliwapa chai. Alisema, "Bustani yetu imependeza mwaka huu." Alisema yetu.

Kana zako zimefika. Sijazipanda, na sijachimba shimo.

Nilikuwa karani wa zahanati miaka ishirini na sita. Kazi ile ilinifundisha kuandika kilichotokea, hata kama ningetamani kingine. Kwa hiyo naandika, nawe usome mpaka mwisho.

Sylus, mtoto wa baba mdogo, alizikwa Jumamosi tarehe 9 Februari 2013. Tarehe 20 mjane wake Kavetsa alichukua watoto akaenda kwao Vihiga. Tarehe 6 Machi wewe ulipanda kutoka Voi na miche ishirini ya bogenvilia. Mimi ndiye niliyekuomba maua. Mama alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na nilikuwa nimechoka kutazama uwanja mtupu. Ulitazama ukasema hapatoshi. Nikasema huko mbele kuna masale ya mpaka. Ukasema, "Masale ni majani, Elsie." Wewe uling'oa yote tisa. Mimi nilichimba mashimo ya bogenvilia, hatua sita ndani ya shamba la Sylus. Ilikuwa saa nne asubuhi. Hatukujificha, maana hapakuwa na wa kumficha. Ulitia masale kwenye gunia ukaondoka nayo.

Kavetsa alirudi mwisho wa Aprili. Yeye na Sylus waliishi muda mwingi kwenye nyumba za wafanyakazi kule mashamba ya mkonge. Mpaka wetu alikuwa akiuona wakati wa likizo tu. Alisimama, akatazama, akaniuliza, "Wifi, yale majani yalikuwa hapa hapa?"

Nikasema, "Hapa hapa. Mvua iliyaozesha."

Hayo ni maneno yangu, si yako. Akajibu, "Basi maua ni bora. Sylus alipenda rangi." Tangu hapo amebeba mbolea misimu ishirini na tatu. Nimehesabu.

Mpima ardhi anakuja Jumanne tarehe 18 Machi. Njoo. Wewe ulishika kamba baba alipokuwa akipanda, mimi nilikuwa mtoto mdogo. Nikisema peke yangu, watasema uzee umenishika. Fanuel atakubeba mbele, mguu wako utakaa vizuri.

Elsie


Mwanda, 16 Februari 2025

Kaka,

Nakusalimu. Kahawa imetoa maua. Huku hakuna mgonjwa.

Fanuel anasema alikupa barua yangu mkononi. Anasema uliisoma ukiwa umesimama, kisha ukarudi kumwagilia miche uliyokuwa umekwisha kuimwagilia.

Jana Rita alikuja kuomba panga. Nikamuuliza habari za nyumba. Akasema, "Shangazi, nyumba gani? Nitajenga juu ya paa la mama?" Amepata chumba cha kupanga Mwatate. Hati ikishatoka hivi, baada ya Pasaka anaondoka na mtoto. Kavetsa alikuwa nyuma yake na alisikia. Aliinama akaanza kung'oa magugu kwenye mawaridi yangu.

Sale lina majani saba. Silikati tena.

Zimebaki siku thelathini.

Elsie


Voi, 5 Machi 2025

Dada,

Natumaini kifua hakikusumbui. Branice amejifungua mtoto wa kike tarehe 27. Wanasema analia kwa nguvu sana. Mimi namwona tu akifungua mdomo.

Barua zako zote mbili za mwaka huu ninazo. Ziko chini ya godoro, na kila nikigeuka huzisikia zikiparuza, mimi ambaye sisikii honi.

Ulichoandika ni kweli, isipokuwa umeacha kitu kimoja, labda kwa sababu hukukijua. Sikung'oa masale kwa ajili ya maua yako. Mwaka ule nilikuwa nimebakiza miaka michache ya kazi reli. Nilitaka nikistaafu nipate mahali pa kujenga, na sehemu yangu niliyopewa na baba nilikuwa nimekwisha kuiuza bila kuwaambia. Maua yalikuwa njia nzuri. Mtu akiona ukuta huuliza. Akiona bogenvilia husema zimependeza. Nilingoja Sylus afe. Sikumwombea kifo, lakini nilingoja. Halafu nikastaafu, mguu ukaharibika, na sikujenga chochote. Ardhi ile niliichukua bure.

Sitakuja. Usimwambie mtu ni mguu.

Yale masale sikuyatupa. Nilitaka kuyatupa daraja la Mto Voi, nikashindwa, nikayapanda nyuma ya tangi la maji. Yamekuwa marefu kunizidi. Nimekata vipande tisa vya urefu wa mkono na kuvifunga kwenye gunia lenye maji. Fanuel atavileta tarehe 17. Barua hii mwonyeshe mpima ardhi. Mwonyeshe na Kavetsa. Nimetia sahihi na nambari ya kitambulisho hapo chini.

Unakumbuka baba na baba mdogo walipogombana kwa ajili ya ng'ombe? Baba alitia funda la maji mdomoni, akasema yote yaliyomuuma, akayatema chini. Ndiyo kutasa. Hasira ikatoka, wakala pamoja jioni ile. Sisi tuliacha tulipozidi kwenda kanisani. Mwombe Kavetsa atase. Lakini mwenye hasira ndiye anayetasa. Wewe na mimi tukitema, ni maji tu.

Mwandawiro Mwakio


Mwanda, 21 Machi 2025

Kaka,

Hongera kwa mjukuu. Apewe jina la mama, kama Branice hana neno.

Naandika siku tatu baada ya Jumanne.

Mpima ardhi anaitwa Makau. Alikuja saa tatu na nusu na msaidizi wa chifu. Kavetsa alikuwa amevaa gauni la kanisani. Rita alikuwa na mtoto mgongoni. Fanuel alisimama kando ya gunia lako na hakuwa akijua lina nini.

Makau aliuliza, "Mpaka ni haya maua?" Kavetsa akasema ndiyo. Nikasema siyo.

Nikasema mpaka uko nyuma hatua sita, upande wangu. Makau alinitazama, akafunga daftari. "Mama, nina miaka kumi na tisa katika kazi hii. Watu huniita kupigania inchi moja. Wewe unataka kupunguza lako? Umekula nini asubuhi?" Watu wakacheka. Nikampeleka kwenye lile sale. Alichukua jembe mwenyewe akachimba kuelekea barabarani. Akapata mizizi ya kale mahali patatu, yote kwenye mstari mmoja. Akaacha kucheka. Kisha nikampa barua yako, akaisoma kwa sauti. Sikumwomba asome kwa sauti. Alipofika mahali pa kungoja Sylus afe, alisita, akaendelea.

Mimi nikasema langu: kwamba nilichimba mashimo, na kwamba maneno ya mvua kuozesha masale yalikuwa yangu.

Kavetsa hakulia. Alisema, "Nilikuwa nabeba mbolea."

Rita ndiye aliyesema. "Kumbe kila mvua ulikuwa unatucheka, shangazi."

Nikasema, "Sikuwa nacheka."

"Lakini ulikuwa unapokea."

Nikatoka kwenye mstari ili Makau apite.

Makau alipima, akaweka mawe mawili ya saruji kwenye mstari wa zamani. Msaidizi wa chifu akatuita tutie sahihi. Kavetsa alitia, mimi nikatia. Fanuel akafungua gunia, nikapanda masale yote tisa kwa mkono wangu, wote wakitazama. Ilichukua karibu saa nzima. Hakuna aliyenisaidia, na hiyo ilikuwa sawa.

Kisha nikaleta kikombe cha maji. Nikamweleza Kavetsa kama ulivyoeleza.

Akasema, "Kwetu Vihiga hatutemi maji. Kwetu mtu anaambiwa usoni."

"Basi niambie usoni, wifi."

Alichukua kikombe. Akatia funda kubwa mpaka mashavu yakajaa. Makau aliacha kukunja kamba yake. Mtoto wa Rita alinyoosha mkono kugusa shavu la bibi yake. Mimi nilitazama koo lake, kwa sababu macho yake sikuweza.

Alimeza.

"Nilikuwa na kiu," akasema. Akanirudishia kikombe. Kisha akamwuliza Makau, "Hayo maua sasa yako upande wa nani?"

"Upande wako, mama."

"Basi mtu wa upande ule asiyaguse."

Ndivyo ilivyokuwa. Sijaongeza wala kupunguza.

Elsie


Voi, 30 Juni 2025

Dada Elsie,

Salamu kutoka kwetu. Mtoto ameitwa Mkawasi, kama mama. Baridi imefika hata huku. Niliuza miche sitini Mei, zaidi ya mwaka jana. Watu wengi wanataka bogenvilia. Siku hizi nawauliza wanapanda wapi. Wananiona mzee mdadisi.

Nina swali moja. Ametema?

Mwandawiro


Mwanda, 14 Septemba 2025

Kaka,

Nimefurahi kwa jina. Mwambie Branice nitamshonea mtoto kofia ya sufu, hata kama Voi hataivaa.

Huku ni kiangazi kikali. Mfereji unatoa maji saa moja kwa siku. Masale yote tisa yameshika, pamoja na lile la zamani ni kumi. Msingi wa nyumba ya Rita umemalizika, na kuta zimefika dirishani. Hakwenda Mwatate. Ili apate nafasi aling'oa bogenvilia zote ishirini za kwanza, akachoma matawi mbele yangu. Kavetsa alimzuia mkono alipofika kwenye ile ya chungwa, ya mwisho. Alisema hiyo ni changa, haikuwepo siku ile. Imebaki peke yake upande wao, hatua sita kutoka kwangu.

Watu wa harusi hawaji tena. Wakiuliza, nawaambia ni kwa nini. Mwanzoni nilikuwa nikisema ni ukame, nikajisikia nikisema, nikaacha.

Umeuliza kama ametema. Bado. Kanisani hukaa benchi la mbele yangu, na wakati wa kupeana amani hugeuka kulia. Mbolea yake sasa inakwenda kwenye sukuma wiki. Hanitukani, hanisemi kwa watu. Mimi nadhani ananifanyia kwa ukimya kile nilichomfanyia kwa ukimya, na hesabu yangu bado inadai miaka kumi na moja.

Bogenvilia ya chungwa ilianza kuangusha majani mwezi wa nane. Ni mche mdogo bado, unahitaji maji mara mbili kwa wiki. Kila jioni nilikuwa nafika kwenye masale na mkebe wa kumwagilia, nasimama, narudi. Alhamisi iliyopita Kavetsa alikuwa akichambua mboga mlangoni, akaniona.

"Wifi, huku ni kwako?"

"Hapana."

"Basi."

Ni mara ya kwanza kuniita wifi tangu Machi. Sikujua nifanye nini na neno hilo. Nikaweka mkebe chini kwenye mstari, umejaa, nikaingia ndani.

Asubuhi niliukuta mkebe upande wangu wa masale, umesimama wima. Ulikuwa mtupu. Nilisimama hapo kitambo nikiutazama ule mche hatua sita mbele. Sikuvuka kwenda kuangalia kama udongo wake umelowa.

Dada yako,
Elsie